Saa Moja Jumlisha Sita

Jumatatu, 2 Juni

Mkeka, kompyuta, chai ya rangi, michembe ya viazi vikavu. Kama jana. Herufi S kwenye kibodi imelegea, lazima niikandamize kwa kidole gumba, na leo kila nilichoandika kina S. Salimia. Shikamoo. Shangazi.

Tumeanza fanksheni, yaani kifungu cha maagizo unachokipa jina, na ukikiita kompyuta inayafanya. Zoezi la kwanza la Mwalimu Nasri: andika fanksheni ya kumsalimia mtu kwa jina lake. Nimeandika. Nimeiita. Ikatoa Shikamoo Shangazi, safi kabisa, halafu chini yake neno moja ambalo sikuliomba: undefined. Nimefuta, nimeandika upya. Undefined. Nimeizima kompyuta, nimeiwasha. Undefined. Nimechukia. Nimemaliza michembe yote kwa hasira.

Shangazi alipita na ndoo akauliza nafanya nini tangu asubuhi. Nikasema naandika kodi, ndivyo darasani tunavyoita maagizo ya kompyuta. Akasema kodi ya nini tena, nyumba ni yake. Sikueleza. Kumweleza Shangazi mambo ya kompyuta kunataka siku nzima, na yeye hutaka jibu la kusimama mlangoni.

Lakini itabidi anielewe. Baba ameniruhusu mpaka mwisho wa mwezi huu, kwa sharti moja: dada yake aseme neno. Akisema mtoto anasoma, nabaki hapa Isevya nimalize kozi. Akisema mtoto anachezea mashine, narudi Usoke kwenye tumbaku. Baba hajui kompyuta ni nini, ila anajua Shangazi hasemi uongo. Kwa hiyo maisha yangu yako mdomoni mwa Shangazi. Namwogopa. Nampenda pia, lakini leo namwogopa zaidi.

Jumatano, 4 Juni

Nimeelewa! Ilikuwa return, neno la kurudisha jibu. Fanksheni yangu inasema kitu lakini hairudishi kitu, na ukiiuliza imerudi na nini, kompyuta inajibu undefined. Yaani hakuna.

Mwalimu Nasri kaeleza kwa mfano wa wapagazi. Fanksheni ni mpagazi: unampa mzigo hapa Tabora, anakwenda nao pwani, anarudi na kitambaa au chumvi. Asiporudi na kitu, safari ilikuwa ya nini? Watu wa kwao walikuja na misafara wakafungua maduka, hawakurudi tena, kwa hiyo anapenda sana mifano ya misafara. Nikamwambia ni kweli, babu yangu alibeba, babu yake alikuwa anasimamia. Darasa likacheka. Yeye alicheka kuliko wote. Ni mwalimu mzuri, ingawa hupiga ubao kwa kidole mpaka unamwonea huruma ubao.

Mimi nimejiwekea mfano wangu. Shikamoo ni kuita. Marahaba ndiyo return. Shikamoo isiyojibiwa inabaki inaning'inia hewani, na aliyeitoa anabaki amesimama kama kuku aliyenyeshewa.

Shangazi yeye hurudisha zaidi ya alichopewa. Nikimwamkia asubuhi: Marahaba, mwanangu, umeamkaje, umelala vizuri, mbona macho mekundu, umekula? Nikiandika fanksheni ya namna hiyo Mwalimu ataniambia nipunguze.

Jumamosi, 7 Juni

Sala ya jumuiya asubuhi, saa moja kama kawaida, nyumbani kwa Katibu. Watu wachache. Shangazi ndiye mwenyekiti na hapendi viti vitupu. Baada ya Injili akawasema wasiokuja: Mungu anaamka mapema, wao wanalala mpaka jua liwapige kisogoni. Akamtaja Mama Kulwa kwa jina. Nilitazama miguu yangu. Mama Kulwa ana pacha wake, Kulwa na Doto, na hajaonekana jumuiya tangu mvua ziishe. Maneno yalimfikia kabla hatujamaliza chai, mimi niliona simu zikitolewa.

Kurudi njiani nikamwambia Shangazi labda amekuwa mkali. Akasema dawa tamu haiponyi.

Jumamosi ijayo ni zamu yetu. Watasali kwetu. Shangazi ameanza kufikiria maandazi leo hii.

Jioni mwanafunzi mwenzangu akaleta pilau ya Idi kutoka kwa kina Mwalimu Nasri. Shangazi ameila kimya, dalili kwamba imempendeza.

Jumatatu, 9 Juni

Zoezi jipya, na hili ni zuri. Fanksheni ya kugeuza saa yetu iwe saa ya kompyuta. Kompyuta inaanza kuhesabu siku usiku wa manane, wakati hakuna mtu wala jogoo. Sisi tunaanza jua likitoka, kama watu wenye akili. Kwa hiyo saa za mchana unajumlisha sita. Saa tatu asubuhi, tatu na sita, tisa. Nimeiita badili. Nikaandika badili(3), ikarudisha 9. Nikaandika badili(5), 11. Nimeruka.

Nimemwita Shangazi aone. Akainama, akatazama kioo, akatazama saa ya ukutani. Akasema: "Mimi hiyo ya ukutani naisoma tu, mwanangu. Sijumlishi wala sitoi." Akaenda zake kuchambua mchele.

Niliumia kidogo. Halafu nikacheka. Amesema kweli, mkono uko kwenye tisa na sisi wote tunasema tatu, hakuna aliyewahi kutoa jasho. Lakini nataka siku moja nimfanyie kitu ambacho ataona kina maana. Kitu cha kumwambia Baba.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekipata. Shangazi ana simu ya kitochi, matangazo ya jumuiya huyatuma kupitia kwangu, mimi ndiye niliye kwenye kundi la simu. Leo akaniambia: waandikie, Jumamosi saa moja asubuhi, kwangu, waje na rozari.

Na kwenye kundi kuna dada mmoja aliyehamia kutoka mbali ambaye kila tangazo anauliza, saa ya Kiswahili au ya simu? Nikasema ngoja. Nimetengeneza ukurasa. Kisanduku cha siku, kisanduku cha saa, kitufe. Unaandika saa yetu, fanksheni yangu inaigeuza, tangazo linajipanga lenyewe. Rangi ya bluu pembeni. Nikaandika 1 kwenye kisanduku, nikabonyeza, maneno yakatoka yamenyooka kama yamepigwa pasi. Nikanakili, nikatuma kwenye kundi hapo hapo.

Sawa Mwenyekiti, wakaandika. Sawa Mwenyekiti. Sawa Mwenyekiti. Hakuna aliyeuliza saa ipi.

Nimefurahi mno. Nimemwonyesha Shangazi ile rangi ya bluu. Akasema nzuri. Neno moja tu, lakini kwa Shangazi hilo ni hotuba.

Jumamosi, 14 Juni. Asubuhi

Naandika ili nitulie.

Shangazi aliamka majogoo hawajawika. Maandazi, uji wa karanga, chai ya maziwa. Asali aliyokuwa ameificha tangu Pasaka. Tukatandika mikeka yote, na mingine ya kuazima. Akavaa kitenge cha jumuiya, akajifunga kilemba upya mara kadhaa. Saa moja ikafika. Tukakaa.

Hakuna mtu.

Baridi ilikuwa kali, nikasema labda baridi. Saa moja na nusu. Shangazi akatoka mpaka barabarani, akarudi. Akafunika uji. Akaufunua. Saa mbili ikagonga na mikeka mitupu kabisa, hata Katibu hakuja, na Katibu huja hata akiwa na malaria.

Akasema taratibu: "Wamenisusa."

Sijawahi kumsikia akisema kitu kwa sauti ile. Akakaa katikati ya mikeka, peke yake, akatoa rozari. Akaanza. Salamu Maria, umejaa neema. Alipofika mahali ambapo watu huitikia, akasita. Hakuna wa kuitikia. Nikaja nikapiga magoti pembeni yake, nikaitikia mimi. Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu. Tukaenda hivyo, yeye anaanza, mimi namalizia. Katikati ya fungu la pili sauti yake ikakatika na akalia. Si sana. Aliinamisha kichwa, kilemba kikamteleza, nikaona mvi zake. Nilitaka kumshika nikaogopa.

Tulipomaliza nikachukua simu, nikasema nimpigie Katibu nimpashe. Nikafungua kundi. Na hapo ndipo niliposoma tangazo langu mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

Jumamosi, 16:00.

Saa kumi jioni.

Moja na sita ni saba. Hata mtoto wa chekechea. Kompyuta yangu haikujumlisha, ilichukua moja ikaibandika pembeni ya sita, ikapata kumi na sita, na kumi na sita ni saa halali, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Ningeandika saa mbili ingetoka ishirini na sita na kila mtu angecheka. Lakini moja. Moja ilijificha.

Nikamwambia Shangazi hapo hapo. Sikuzunguka. Nikasema hawajakususa, ni mimi, nimewaita saa kumi.

Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Jioni, siku ile ile

Wamekuja. Saa kumi kamili, wamejaa mpaka uani, wengine wamekaa kwenye matofali. Mwenyekiti akisema saa kumi ni saa kumi. Nilikuwa nimepasha uji moto na kuomba ardhi inifiche.

Shangazi alitoka chumbani amefunga kilemba kama hakuna kilichotokea. Aliwakaribisha mmoja mmoja.

Katibu ndiye aliyesema: "Tulishangaa umebadili saa, Mwenyekiti. Lakini nani angekuuliza?" Watu wakacheka, kicheko cha uoga uoga. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la maandazi. Nikajua sasa naumbuliwa, na nastahili.

Shangazi akasema, "Nimebadili."

Basi. Hakusema zaidi. Hakunitazama hata kidogo.

Kisha akaingia Mama Kulwa, na pacha wawili wamevaa sare. Akamwamkia Shangazi kwa magoti, akasema anamshukuru Mwenyekiti kwa kumfikiria, maana asubuhi yeye huuza uji na chapati stendi, na mume wake mgongo umekufa, hakuna mwingine wa kwenda. Alidhani saa imebadilishwa kwa ajili yake. Shangazi akasema marahaba, mama, kaa hapa karibu. Akampa mto wake mwenyewe wa kukalia.

Waliimba vizuri kuliko siku zote. Asali iliisha.

Wote walipoondoka nikasema, Shangazi, naomba unisamehe. Alikuwa anakunja mikeka. Aliendelea kukunja mikeka.

Jumapili, 15 Juni

Shikamoo Shangazi.

Undefined.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwamkia tena. Kimya. Si kwamba hasikii. Sasa anaongea na kuku. Kuna watu hawafuniki sufuria, anamwambia tetea. Kuna watu wanaacha kompyuta juani. Tetea anamsikiliza kwa makini. Ningecheka kama hao watu wasingekuwa mimi.

Darasani nikamwonyesha Mwalimu Nasri kosa. Akatazama, akavua miwani, akacheka mpaka akajifuta machozi. Sikucheka. Akaona, akaacha. Akaeleza: kinachotoka kwenye kisanduku ni maandishi, hata ukiandika namba. Maandishi ukiyajumlisha na namba, kompyuta haijumlishi, inaunganisha. Nilipojaribu kwa badili(3) nilimpa namba mwenyewe kwa mkono, ndiyo maana ilikubali. Dawa ni neno moja, Number, yaani namba, unakivisha neno hilo kile kitu kabla ya kujumlisha. Akasema kosa hili mwanafunzi wa Ulaya halipati hata akilitafuta kwa tochi, kwa sababu kwao hakuna sita ya kujumlisha. Alidhani ananifariji.

Neno moja tu. Ningeliandika Alhamisi, Shangazi asingelia.

Nimefikiria sana kwa nini bado kanuna. Watu walikuja, alisifiwa, Mama Kulwa amerudi. Mbele za watu alinifunika kwa kitenge chake. Basi kilichobaki ni nini? Nadhani ni yale machozi. Mtu mzima amelia mbele ya mtoto wa kaka yake. Hilo halina Number.

Sijamwambia mtu kuhusu machozi. Sitamwambia.

Jumatano, 18 Juni

Baba ametuma ujumbe: atapiga Jumapili baada ya misa. Nimeanza kukunja nguo zangu, halafu nikazikunjua. Nikikunja mapema nitakuwa nimeshajihukumu.

Jioni, mkekani. Nilikuwa naijaribu badili upya, saa moja moja, kwa sauti, ili nisidanganyike tena. Saa moja asubuhi, 7. Saa mbili, 8. Nimeongeza pia usiku, usiku unajumlisha kumi na nane. Saa tatu usiku, 21. Vizuri. Shangazi alikuwa kwenye kigoda anamenya karanga na kumtazama tetea.

Akamuuliza tetea: "Na misa ya mkesha wa Krismasi? Ile ya saa sita usiku?"

Tetea hakujibu. Nikaandika mimi. Sita na kumi na nane. Ikarudisha 24.

Simu haina 24. Simu ikifika hapo inaandika sifuri. Ningewatangazia watu saa ambayo haipo. Nikacheka peke yangu, nikarekebisha, nikajaribu tena. 0. Nikasema kwa tetea: kosa lilikuwepo, limeondoka, asante aliyeuliza.

Shangazi akasema, "Hm." Akanisogezea bakuli la karanga kwa mguu.

Si marahaba. Lakini ni karanga.

Ijumaa, 20 Juni

Shikamoo. Kimya. Lakini leo chai yangu nimeikuta imeshatiwa sukari.

Simwelewi. Nampenda na ananikera.

Jumapili, 22 Juni

Baba amepiga. Kwenye kitochi cha Shangazi, si kwangu. Shangazi kakaa uani amenipa mgongo, mimi nikawa jikoni naosha sufuria moja ileile. Mwangaluka, mwangaluka, habari za tumbaku, habari za soko, nani kaumwa, nani kazaa. Wakiongea Kinyamwezi salamu zao ni ndefu kama reli ya Kigoma. Nilikaribia kufa.

Halafu Baba akauliza. Sikumsikia yeye, nilisikia jibu la Shangazi.

Alisema, Mtoto anasoma.

Baba akasema kitu kirefu. Nadhani habari za jumuiya zimefika Usoke, habari za aina hiyo hupanda treni bure. Shangazi akamkatiza. Akasema: "Saa nilibadili mimi." Akasema tena kwamba amenikalia karibu, ameniona nikikosea na ameniona nikilitafuta kosa langu mwenyewe, saa moja baada ya nyingine, bila kuambiwa. "Wewe kibanda chako cha kukaushia tumbaku kiliungua," akamwambia, "mpaka leo unalisingizia jua."

Baba alicheka, hilo nililisikia mpaka jikoni. Ndugu hawa wawili hutukanana wakipendana.

Shangazi akasema nitabaki mpaka kozi iishe. Akaongeza kwamba Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi jumuiya itakuwa saa kumi jioni kwa ajili ya watu wa stendi, na tangazo nitaandika mimi, ila yeye atasomewa kwanza. Hili la mwisho hakumwambia Baba. Alilisema kwa sauti kubwa, akielekea jikoni, simu imeshakatwa.

Nimelia kwenye sufuria. Nilijaribu kwenda kumshukuru. Alikuwa ameshaingia kulala mchana, au kujifanya.

Jumatatu, 23 Juni

Baridi. Herufi S imeng'oka kabisa, nimeibandika kwa gundi. Leo Mwalimu anaanza kitu kipya.

Alfajiri nilitoka chumbani kwenda kuwasha jiko, macho bado mazito, kiberiti mkononi. Shangazi alikuwa uani amenipa mgongo, anawamwagia kuku pumba. Kabla sijafungua mdomo akasema, bila kugeuka:

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Nikasimama pale pale. Kwenye kompyuta jambo hilo halipo. Usipoita, hakuna kinachorudi.

Nikasema shikamoo. Halafu nikawasha moto, nikabandika chai.